Mgeni Akae Wapi: Niliyojifunza katika Nyumba za Japani Zilizokutana na Magharibi

Nilipokwenda Japani kusomea usanifu wa majengo, na baadaye nikabaki huko kufanya kazi, nilikuwa na mazoea ya kuitazama nyumba kwa kuanzia nje: paa lake, madirisha yake na mapambo ya uso wake. Mwalimu aliyetupeleka kupima nyumba za zamani hakuyapenda mazoea hayo. Alitutaka tuanze na mkato, yaani ule mchoro unaoipasua nyumba kutoka paani hadi kwenye msingi na kuonyesha mtu aliyemo ndani yuko kwenye kimo gani. Hoja yake ilikuwa kwamba uso wa nyumba unaweza kuigwa kutoka kwenye picha, ilhali kimo cha sakafu, cha kiti na cha jicho hakiigiki mpaka mtu ameamua watu wataishi vipi humo ndani. Tangu hapo, kila nilipoingia katika nyumba inayosifiwa kuwa ni zao la kukutana kwa Japani na Magharibi, swali langu la kwanza lilikuwa mgeni alikaa wapi, kitini au chini.

Swali hilo linaonekana dogo mpaka mtu ajue nyumba ya Kijapani ya zamani ilivyopangwa. Sakafu yake imeinuliwa juu ya ardhi, viatu vinabaki mlangoni, na vyumba vimetandikwa tatami, yaani mikeka minene kiasi cha sentimita 5 au 6, iliyoshindiliwa majani makavu ya mpunga na kufunikwa kwa ufumwa wa nyasi. Kila tatami ina urefu wa takriban sentimita 180 na upana wa nusu yake, na ukubwa wa chumba huhesabiwa kwa idadi ya mikeka hiyo. Kimo cha dirisha, mahali pa kutundika picha, mwinuko wa dari na hata mpangilio wa miti ya bustani vimekadiriwa kwa jicho la mtu aliyekaa chini. Mtu huyo akipewa kiti, jicho lake linapanda sentimita 30 au zaidi. Papo hapo boriti ya juu ya dirisha inamkatia bustani, picha inakuwa chini mno, na miguu ya kiti inadidimia katika tatami na kuacha alama zisizofutika. Kwa mtu aliyelelewa Pwani, aliyezoea kuacha ndara mlangoni na kula mkekani, mambo haya hayakuhitaji maelezo mengi. Wenzangu waliotoka Ulaya ndio walioyaona mageni.

Lililonifungua macho zaidi ni karamu ndogo nyumbani kwa jirani mmoja huko Kyoto. Wenyeji walikuwa wamekaa kwenye tatami kuizunguka meza fupi, na kwa huruma yao, wakidhani magoti ya mgeni hayataweza kuvumilia, wakaniletea kiti kutoka jikoni. Nikawa juu ya watu wote, akiwemo babu wa nyumba aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Kwetu mdogo hakai juu mkubwa akiwa amekaa chini, na nilivyofahamu mimi, kwao pia halikuwa jambo la kupendeza; lakini ukarimu ulikuwa umekwisha kutolewa na kuukataa kungekuwa kuwavunjia heshima. Nilikula nikiwa nimeinama. Usiku ule nilielewa kwamba wasanifu wa Japani waliopokea kiti kutoka Ulaya hawakuwa wakishughulika na fanicha, bali na adabu.

Wa kwanza kulikabili jambo hili kwa fedha nyingi walikuwa matajiri wa enzi ya Meiji (1868 hadi 1912), na jibu lao lilikuwa kujenga nyumba mbili. Makazi ya Iwasaki Hisaya, kiongozi wa tatu wa kampuni ya Mitsubishi, yako karibu na bwawa la Shinobazu katika mtaa wa Ueno, Tokyo. Jumba la mbao la Kizungu lililomalizika mwaka 1896 ndilo linalopigwa picha na kila mtu: ngazi nzito zilizochongwa kwa mtindo wa Uingereza wa karne ya 17, varanda ya ghorofa mbili inayotazama bustani, kuta zilizobandikwa karatasi ngumu iliyotiwa dhahabu ili ifanane na ngozi, na kando yake banda la kuchezea biliadi lililoungwa na jumba kwa njia ya chini ya ardhi. Ubavuni mwake, hata hivyo, umebaki ukumbi wa Kijapani ambao ni kipande tu cha nyumba pana iliyokuwapo, na humo ndimo familia ilimoishi. Jumba la Kizungu lilitumika kwa karamu na kwa wageni wa heshima. Leo wageni wote huvua viatu mlangoni na kuvibeba mkononi kwenye mfuko, hivyo tunatembea kwa soksi juu ya sakafu iliyokusudiwa kukanyagwa kwa buti. Sijui kama Iwasaki angecheka au angekasirika.

Msanifu wa jumba hilo, Josiah Conder, alizaliwa London mwaka 1852 na akafika Japani mwaka 1877 kufundisha usanifu katika chuo cha uhandisi cha serikali mjini Tokyo. Wanafunzi wake wanne wa kwanza walihitimu mwaka 1879, na miongoni mwao walikuwa Tatsuno Kingo, aliyesanifu baadaye stesheni ya Tokyo, na Katayama Tokuma, aliyesanifu kasri la Akasaka. Kwa kawaida husimuliwa kama mtu aliyeleta, mwalimu aliyewapa Wajapani matofali na nguzo. Mimi nimejifunza kumtazama zaidi kama mtu aliyepokea. Alisoma uchoraji kwa mchoraji Kawanabe Kyosai, akaandika vitabu kuhusu bustani za Japani na upangaji wa maua, akaoa Mjapani na kufia Tokyo mwaka 1920. Ushahidi wa kupokea kwake hauko katika vitabu tu; uko katika nyumba aliyoimaliza mwaka 1917 kwa ajili ya Furukawa Toranosuke, katika eneo la Kita mjini humo humo.

Kwa nje nyumba hiyo ya Furukawa ni ya Kiingereza mtupu, ya mawe ya rangi ya kahawia iliyoiva, na mbele yake kuna waridi zilizopandwa kwa ngazi ngazi kuteremka mlima, mpaka zinapokutana na bustani ya Kijapani iliyotengenezwa na Ogawa Jihei wa Kyoto. Sakafu ya chini ina vyumba vya kukaa kitini. Nilipopanda ghorofani nikiwa na wenzangu nilitarajia vyumba vya kulala vya Kizungu, na milango niliyoiona ukumbini ilikuwa ya Kizungu kweli, ya mbao nzito. Kiongozi wetu alipoufungua mmoja, ndani yake kulikuwa na tatami, milango ya kuteleza ya karatasi na pambo la ukutani la kumkaribisha mgeni, na kumbe karibu ghorofa yote ilikuwa hivyo. Mtu aliye bustanini hawezi kabisa kulijua hilo. Mwaka 1896 mipaka ya maisha mawili ilikuwa ukuta baina ya nyumba na nyumba. Miaka 21 baadaye, kwa mkono wa msanifu yule yule, mpaka umekuwa unene wa mlango. Hayo siyasomi usoni mwa jengo. Yanaonekana kwenye mkato tu.

Huko Ashiya, kati ya Osaka na Kobe, hadithi hii ina upande mwingine, maana safari hii msanifu ni Frank Lloyd Wright, Mmarekani aliyeipenda sanaa ya Japani kabla hajaifika nchi yenyewe. Alikwenda kwa mara ya kwanza mwaka 1905, akawa mnunuzi na mfanyabiashara mkubwa wa picha za kuchapwa kwa ubao, na baadaye akasanifu Hoteli ya Imperial ya Tokyo. Mwaka 1918 alichora nyumba ya mapumziko ya Yamamura, mtengenezaji wa pombe ya mchele, juu ya kilima chembamba kinachotazama ghuba ya Osaka. Wright aliondoka Japani mwaka 1922 na hakurudi tena, hivyo ujenzi ulisimamiwa na wanafunzi wake Endo Arata na Minami Makoto hadi ulipomalizika mwaka 1924. Nyumba inapanda mlima kwa hatua, ghorofa juu ya ghorofa, na jiwe laini la Oya lenye vitundu vitundu limechongwa nje na ndani.

Ghorofa ya tatu ina vyumba vitatu vya tatami vinavyofuatana. Havikuwamo katika mpango wa kwanza wa Wright. Vilitakiwa na mwenye nyumba. Endo na Minami waliviweka humo, na juu ya milango ya kuteleza, mahali ambapo fundi wa Kijapani angeweka ubao uliotobolewa nakshi, wakaweka vibao vya shaba vyenye umbo la majani ambavyo vimetumika pia madirishani katika nyumba nzima. Nimesikia wasanifu vijana wakilisema jambo hili kwa masikitiko, kana kwamba kazi ya bwana mkubwa ilitiwa doa na mteja asiyeelewa. Mimi nadhani ni kinyume chake. Yamamura alijua atakapotaka kunyoosha miguu yake, na wale wawili walipata njia ya kumpa haki hiyo bila kuivunja nyumba. Ni mojawapo ya mahali pachache ninapopajua ambapo mtu anaweza kuona mteja, mwalimu na wanafunzi wakijadiliana, ingawa wote wamekwisha kufa.

Wright naye aliondoka na kitu kutoka sakafuni, na jambo hili husahaulika kwa sababu halionekani kwenye picha. Kama alivyosimulia mwenyewe, alialikwa chakula majira ya baridi nyumbani kwa mfanyabiashara Okura Kihachiro mjini Tokyo, akatetemeka wakati wote wa kula, kisha wakaongozwa kwenda katika chumba cha Kikorea ambacho kilikuwa na joto zuri bila jiko wala moto kuonekana. Moshi wa moto uliowashwa upande mmoja ulikuwa ukipita katika mifereji chini ya sakafu, na watu walikuwa wamekaa juu ya joto lenyewe. Korea wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Japani, na kuwapo kwa chumba cha Kikorea katika nyumba ya tajiri wa Tokyo si jambo la kupita kimya kimya. Miaka mingi baadaye, katika nyumba ndogo ya Jacobs iliyomalizika mwaka 1937 huko Madison, Wisconsin, Wright alipitisha mabomba ya kupasha joto chini ya sakafu ya zege. Mmarekani aliyekuwa akiota joto la nyayo katika nyumba ile alikuwa na deni Seoul, kupitia Tokyo, bila shaka bila kujua.

Lakini mahali niliporudi mara nyingi kuliko pote ni Oyamazaki, mji mdogo ulio kati ya Kyoto na Osaka, chini ya mlima Tennozan, pale mito mitatu inapoungana. Ndani ya mwendo wa miguu kutoka stesheni kuna chumba cha sherehe ya chai cha Taian, chenye tatami mbili tu, kinachohusishwa na bingwa wa sherehe hiyo, Sen no Rikyu wa karne ya 16. Kuna jumba la mtindo wa Kiingereza la Kaga Shotaro, ambalo sasa ni makumbusho na limeongezewa ukumbi wa chini ya ardhi na msanifu Ando Tadao mwaka 1995. Na kuna nyumba iitwayo Chochikukyo, aliyojijengea Fujii Koji mwaka 1928. Hizo mbili za kwanza zinastahili siku nzima. Hapa nitaizungumzia ya tatu tu.

Fujii alizaliwa mwaka 1888, akasoma Tokyo, akafanya kazi katika kampuni ya ujenzi ya Takenaka, akasafiri Ulaya na Marekani, kisha kuanzia mwaka 1920 akafundisha katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto. Alijijengea nyumba tano za majaribio mfululizo, akiishi ndani yake na kupima joto, unyevu na mwendo wa hewa kabla ya kuanza nyingine. Chochikukyo ndiyo ya tano. Alikuwa ameona Ulaya inavyojenga, na alikuwa ameona majirani zake wakijenga majumba ya Kizungu yanayogeuka tanuri katika kiangazi cha Kyoto, ambacho kina joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Tanga au Mombasa angelitambua mara moja. Jibu lake halikuwa kurudi nyuma. Jikoni aliweka vyombo vya umeme, sebuleni aliweka viti alivyovichora mwenyewe, na kwenye mteremko wa magharibi alifukia bomba linalovuta hewa iliyopozwa na udongo na kuiingiza ndani, huku hewa moto ikitoka kupitia matundu ya darini.

Sebule ya nyumba hiyo ina sakafu ya mbao kwa ajili ya viti, na pembeni yake, bila ukuta, kuna kijukwaa cha tatami tatu kilichoinuliwa sentimita 30. Mzee wa kujitolea aliyekuwa akituongoza hakueleza chochote. Aliniomba nikae kitini, akamwomba mwenzangu akae kwenye tatami, kisha akatuambia tuzungumze. Macho yetu yalikuwa sawa. Nikakumbuka kiti cha jikoni na babu wa miaka zaidi ya 80, nikacheka peke yangu, na mwenzangu akadhani namcheka yeye. Kile kimo cha sentimita 30 kina kazi nyingine pia: kwenye uso wake wa wima ndipo linapofungukia lile bomba la hewa baridi, kwa hiyo pengo ambalo lingekuwa hasara limekuwa pua ya nyumba.

Nilipojifunza kutazama hivyo, mengine yalianza kujitokeza. Katika chumba cha wageni, viti vina mgongo uliokatwa wazi sehemu ya chini, ili mwanamke aliyevaa kimono asibanwe fundo la mshipi wake mpana. Pambo la ukutani limewekwa kwa kimo kinachomfaa mtu aliyekaa kitini. Kwenye kibaraza cha vioo kinachotazama mito, vioo vya juu vimefifishwa ili mtu asione ukingo wa paa, jicho likabaki kwenye mandhari. Fujii alifariki mwaka 1938, akiwa bado hajafika miaka 50, na nyumba ikatangazwa kuwa urithi muhimu wa taifa mwaka 2017.

Bruno Taut, msanifu wa Kijerumani aliyeikimbia nchi yake Wanazi walipotwaa madaraka, aliitembelea nyumba hiyo mwaka 1933. Jina lake, hata hivyo, limefungamana zaidi na kasri la Katsura la karne ya 17, lililo karibu na hapo, ambalo aliletwa kuliona tarehe 4 Mei mwaka huo, siku moja tu baada ya kushuka melini huko Tsuruga. Maandishi yake yaliusaidia ulimwengu wa Magharibi kuliona Katsura kuwa kilele cha usahili, na mwaka 1954 Walter Gropius, msanifu mwingine maarufu wa Kijerumani, naye alikwenda kulitazama. Nimechoshwa na masimulizi yanayosema kwamba Taut aliligundua. Waliompeleka pale ni wasanifu Wajapani, wakiongozwa na Ueno Isaburo, aliyekuwa amesoma Vienna, na walijua vizuri walichokuwa wakimwonyesha na kwa nini. Mgeni akipelekwa mahali asubuhi ya kwanza, mwenyeji ndiye aliyechagua.

Jengo la Taut lililobaki Japani ni moja tu, nalo ni vyumba vya chini ya bustani ya nyumba ya Hyuga huko Atami, kwenye genge linalotazama bahari, lililomalizika mwaka 1936. Chumba cha Kizungu kina kuta nyekundu iliyokolea, na upande wa nyuma kimejengwa ngazi pana ambazo mtu anaweza kuzikalia, ili wa nyuma aione bahari juu ya kichwa cha wa mbele. Chumba cha Kijapani kinachofuata nacho kina ngazi za namna hiyo hiyo. Taut hakuchagua kati ya kiti na mkeka. Aliwapa watu ngazi. Wataalamu wengi walikosoa vyumba hivyo kwa rangi zao. Mimi nilivipenda, labda kwa sababu kiunoni nilikuwa nimechoka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uzito ulihamia upande wa kiti. Msanifu Maekawa Kunio, aliyefanya kazi Paris kati ya 1928 na 1930 kwa Le Corbusier, bingwa wa usanifu wa kisasa wa Ulaya, alikuwa amekwisha kujijengea nyumba ya mbao mwaka 1942, chini ya sheria ya vita iliyozuia nyumba kuzidi mita za mraba 100; sasa imesimamishwa upya katika makumbusho ya wazi ya Koganei, Tokyo, na sebule yake, chini ya paa kubwa la kijijini, ni ya viti. Mwaka 1954 Yoshimura Junzo alipeleka New York nyumba nzima ya mtindo wa karne ya 17, ikasimamishwa katika ua wa Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, na Wamarekani wakavua viatu ili waingie. Nyumba hiyo ipo Philadelphia hadi leo. Kisha mwaka 1960 ofisi ya Sakakura Junzo, mwanafunzi mwingine wa Le Corbusier, ikapeleka Milan kiti kilichochorwa na Cho Daisaku, chenye kikalio kilicho chini ya sentimita 30 kutoka sakafuni na miguu iliyofungwa kwa ubao bapa usioumiza tatami. Ni fumbo lile lile la Fujii, ila safari hii aliyesogea ni mwenye kiti.

Katika ofisi niliyofanyia kazi, fleti nyingi tulizochora hazikuwa na chumba cha tatami hata kimoja, lakini wateja waliendelea kuomba kijukwaa cha tatami pembeni mwa sebule, chenye droo chini yake za kuwekea matandiko. Wengi wao hawakuwahi kusikia jina la Fujii. Bibi mmoja mwenye miaka zaidi ya 70 alitaka chake kiinuliwe zaidi ya sentimita 30, kwa sababu magoti yake hayakumruhusu tena kuinuka kutoka chini, naye alitaka akae ukingoni kama kwenye benchi, kisha apandishe miguu akipenda. Mumewe, ambaye hakuachana na kiti chake cha mikono, alilalamika kwamba kwa kimo hicho atakuwa akimtazama mkewe kwa kuinua kichwa. Bibi akajibu kwamba hilo halimsumbui hata kidogo, na tukachora sentimita 38.